Dai Lile Lile au Dai Jipya? Historia ya Kurekebisha Madai ya Kazi Baada ya Muda Kukoma

Somo la leo limetokana na barua. Jioni moja, katika darasa letu dogo hapa Bilpam, niliwapa wanafunzi zoezi la kuandika barua rasmi ya malalamiko. Mmoja wao, dereva aliyekuwa ameachishwa kazi, hakubuni kisa, aliandika chake. Alieleza kwa sentensi sita fupi kwamba mwajiri wake hakumlipa mshahara wa mwezi wa mwisho. Nilisahihisha ngeli mbili tatu, nikampa alama nzuri, nikadhani yameisha. Wiki kadhaa baadaye alinirudia na karatasi ile ile mkononi. Alitaka kuchomeka aya moja zaidi: kwamba aliachishwa kazi kwa sababu aliwahimiza wenzake kudai malipo ya saa za ziada. Akaniuliza, “Mwalimu, si barua ni ile ile?”

Sikuwa na jibu la haraka, kwani swali hilo limewasumbua mahakimu na majaji kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu anapofungua dai la kazi ndani ya muda uliowekwa, kisha muda ukaisha, je, anaweza kulirekebisha? Na kama anaweza, ni wapi marekebisho yanapokoma na dai jipya linapoanzia?

Tutazame kwanza maneno yenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe unayezungumza Kiarabu cha Juba hukuhitaji kufundishwa neno “muda”. Ulikuja nalo kutoka nyumbani, kama ulivyokuja na “haki”, “mkataba” na “mahakama”. Lakini wanasheria wa Kiswahili waliposema “ukomo wa muda” walichukua kitenzi cha Kibantu, “koma”, ambacho mama humwambia mtoto anayechezea moto. Kukoma ni kuacha kabisa. Muda uliokoma haujachelewa tu, umefungwa. Nalo neno “kurekebisha” lina maana ya kuweka sawa kitu ambacho tayari kipo. Hurekebishi nyumba isiyojengwa. Ukiyashika maneno hayo mawili, umeshika nusu ya historia nitakayokusimulia.

Mtaa wetu nao unatupa mfano. Bilpam ya kwanza haikuwa Juba. Ilikuwa kambi ya wapiganaji wa SPLA upande wa Ethiopia, katika siku za mwanzo za vita vilivyoanza mwaka 1983. Vita vilipokwisha, jina lilisafiri na wanajeshi likawa jina la makao makuu yao hapa Juba. Jina ni lile lile, ardhi ni nyingine. Historia inaruhusu jambo hilo bila kinyongo. Mahakama hairuhusu. Mbele ya mahakama unaweza kubadili jina la dai ukiwa umesimama juu ya ardhi ile ile. Kuhamia ardhi nyingine huku umebeba jina la zamani ndiko kunakokataliwa.

Chanzo cha msimamo huo kiko Uingereza, kwa mwanamke machachari aliyeitwa Georgina Weldon. Huyu alikuwa ameponea chupuchupu kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa mpango wa mumewe mwaka 1878. Sheria ya mwaka 1882 ilipowaruhusu wanawake walioolewa kufungua mashauri kwa majina yao wenyewe, alifungua mashauri mengi mno. Katika mojawapo, dhidi ya mtu aliyeitwa Neal, alidai fidia kwa kashfa. Baadaye alitaka kuongeza humo humo madai ya kushambuliwa na kufungiwa isivyo halali, na wakati huo muda wa kuyafungua ulikuwa umekwisha. Mwaka 1887 Mahakama ya Rufani ilikataa. Hoja ya Lord Esher ilikuwa rahisi kueleweka: marekebisho yasiruhusiwe pale yanapomnyang’anya mpinzani haki ambayo tayari anayo siku yanapoombwa, na kinga ya ukomo wa muda ni haki mojawapo.

Kwa nini marekebisho yamnyang’anye mpinzani chochote? Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa sheria hulisahau, basi wewe wa lugha usilisahau. Kwa desturi ya mahakama hizo, hati iliyorekebishwa huhesabiwa kana kwamba iliandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Aya uliyoichomeka Septemba huvaa tarehe ya Machi. Kwa hiyo dai lililokwisha kufa kwa ukomo wa muda lingefufuka kwa kupitia mlango wa nyuma, na mdaiwa asingepata hata nafasi ya kusema kwamba muda umepita. Mimi, nikikiri upande wangu, naona kanuni hiyo ni ya haki. Mwajiri naye ana haki ya kujua ni lini anaweza kutupa makaratasi ya zamani.

Kanuni hiyo ilikuja kwetu pamoja na ukoloni. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Eastern Bakery lililotoka Uganda, iliweka msingi ambao mawakili wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaunukuu hadi leo. Marekebisho yanayoombwa kabla ya kusikilizwa kwa shauri yaruhusiwe kwa moyo mkunjufu, iwapo upande wa pili hautaumizwa kwa namna isiyofidiwa na gharama. Lakini yasibadili shauri kuwa shauri la aina nyingine, wala yasimpokonye mdaiwa kinga ya muda aliyoipata baada ya shauri kufunguliwa. Baadaye kanuni za mashauri ya madai za Kenya zililegeza fundo kidogo: hata muda ukiwa umepita, mahakama inaweza kuruhusu chanzo kipya cha madai kiongezwe, mradi kinatokana na matukio yale yale, au karibu yale yale, yaliyokwisha kulalamikiwa.

Zingatia neno “matukio”. Ndilo linaloamua. Mwaka 1996 mahakama ya rufani za kazi ya Uingereza ilisikiliza shauri la kampuni ya mabasi ya Selkent. Mfanyakazi wao alikuwa amefungua dai la kuachishwa kazi isivyo haki, na muda wa kufungua madai ya namna hiyo huko ulikuwa miezi mitatu. Baadaye akataka kuongeza kwamba sababu halisi ya kuachishwa ilikuwa shughuli zake katika chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti wa baraza alimruhusu; kampuni ikakata rufani, ikashinda. Jaji Mummery alieleza kwamba mwamuzi apime madhara kwa pande zote mbili, kisha akataja mambo ya kuangaliwa: Je, linaloombwa ni kusahihisha kosa la uandishi au kubandika lebo mpya kwenye maelezo yaliyokwisha kutolewa, au ni kuleta maelezo mapya kabisa? Je, kama ni dai jipya, muda wake umepita? Na mwombaji ameomba lini, na kwa nini hakuomba mapema?

Dereva wangu aliposikia kisa hicho alicheka, kisha akanyamaza. Kilikuwa kama kimeandikwa juu yake. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo nilimwonyesha, na inaonyesha jinsi neno moja la siku ya kwanza linavyoweza kuokoa au kuzamisha. Yule wa Selkent walau alikuwa amelalamikia kuachishwa kazi. Dereva wetu, katika sentensi zake sita, hakutaja popote kwamba kuachishwa kwenyewe kulikuwa kosa. Alilalamikia mshahara tu.

Sasa ni lazima nitenganishe milango miwili ambayo watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni huu wa marekebisho. Wa pili ni kuomba kuongezewa muda, yaani kukubali kwamba dai lako ni jipya na limechelewa, kisha kueleza sababu. Uganda, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inampa mfanyakazi miezi mitatu kulalamika kwa ofisa wa kazi kwamba ameachishwa isivyo haki, lakini inamwachia nafasi ya kuthibitisha kwamba muda mrefu zaidi ni wa haki katika mazingira yake. Tanzania Bara, kwa kanuni za mwaka 2007, inatoa siku 30 tu kwa mgogoro wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine, lakini Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inaweza kusamehe uchelewaji palipo na sababu ya msingi. Kenya inatoa muda mrefu, miaka mitatu chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na mahakama zake zimeshikilia kwamba miaka hiyo ikiisha hakuna jaji mwenye uwezo wa kuiongeza. Unaona ajabu yake? Anayepewa siku chache anaweza kuombewa msamaha. Anayepewa miaka anafungiwa mlango kabisa.

Upande wa Tanzania kuna mtego wa karatasi ambao kila mwalimu wa lugha angependa kuufundisha. Fomu ya kufungua mgogoro mbele ya Tume inamtaka mlalamikaji aeleze aina ya mgogoro wake, na ina sehemu ya pekee kwa wanaolalamikia kuachishwa kazi. Mwenye mkataba wa muda maalumu, ambaye mkataba wake ulikatishwa njiani, mara nyingi alipaswa kudai uvunjaji wa mkataba. Akijaza sehemu ya kuachishwa isivyo haki kwa sababu ndivyo moyo wake unavyomwambia, anaweza kufika Mahakama Kuu baada ya miaka ya kuhangaika na kuambiwa kwamba fomu ilijazwa vibaya tangu mwanzo. Aliyeumizwa hakuwa mwongo. Alichagua nomino isiyo yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama nchini humo, na nadhani hilo litawaokoa wengi zaidi kuliko semina kumi za mawakili.

Nakuomba sasa turudi nyuma, kwenye shauri ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Pamoja nayo yalisambaratika mashirika ya reli, bandari, posta na simu, na ndege. Maelfu ya wafanyakazi walijikuta hawana mwajiri. Nani angewalipa pensheni na mafao yao? Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alizunguka kati ya nchi tatu kwa miaka, na mwezi Mei 1984 mkataba ulitiwa saini Arusha. Mali na madeni viligawanywa, Kenya ikachukua asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Na kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake waliofanya kazi katika mashirika hayo.

Kukubali ni kitu kimoja. Tanzania, wazee zaidi ya 31,000 walifika Mahakama Kuu katika shauri la mwaka 2003, na mwezi Septemba 2005 wakafikia hati ya makubaliano na serikali. Baadhi yao walirejea tena baadaye wakisema kwamba walicholipwa kilipungua. Makubaliano yakishasajiliwa, hata hivyo, unajadili tafsiri ya kilichoandikwa. Nafasi ya kuandika upya imekwisha.

Wakenya 749 walikwenda njia nyingine. Mwaka 2010 walifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, wakisema kwamba nchi yao haikutimiza wajibu wake wa mwaka 1984. Walikuwa wazee, na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Lakini mkataba wa Jumuiya mpya ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000, na mahakama ilisema mkataba hauwezi kurudi nyuma kuhukumu mambo yaliyotokea kabla haujazaliwa. Rufani yao ilitupwa mwezi Aprili 2012. Isitoshe, Ibara ya 30 ya mkataba huo inatoa miezi miwili tu tangu tukio linalolalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipolifahamu. Fanya hesabu mwenyewe: hata kama saa ingeanza kugonga siku mkataba ulipoanza kutumika, miezi miwili ingekwisha mwanzoni mwa Septemba 2000. Wengi wao pengine walikuwa hawajasikia hata kwamba mahakama hiyo itakuwapo. Ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2001.

Mwezi mmoja tu kabla ya rufani hiyo kutupwa, Divisheni ya Rufani ya mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefunga mlango mwingine. Katika shauri la watu walioteswa eneo la Mlima Elgon, Kenya, ilisemwa kwamba uvunjaji wa haki hauwezi kuelezwa kuwa ni jambo linaloendelea ili kukwepa miezi miwili, na kwamba mahakama haina mamlaka ya kuongeza muda huo. Hapa sikubaliani. Kumpa mjane wa mfanyakazi wa reli wa Kisumu miezi miwili isiyosamehewa, na kuipa serikali yenye mawakili wa kudumu kinga ile ile, si usawa. Ni mizani yenye jiwe upande mmoja. Lakini ndiyo sheria, na aliyejiunga na Jumuiya amejiunga nayo.

Nasi tumejiunga. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga tarehe 15 Aprili 2016, na ikakamilisha uanachama mwezi Septemba mwaka huo. Haikupita hata mwaka mmoja kabla Ibara ya 30 haijagonga mlango wa Juba. Majaji walikuwa wamegoma wakilalamikia malipo na mazingira ya kazi. Tarehe 12 Julai 2017 Rais alitoa amri ya kuwaondoa majaji 14. Mmoja wao, Jaji Malek Mathiang Malek wa Mahakama ya Rufani, aliamua kwenda Arusha, na shauri lake likasajiliwa kuwa Namba 9 ya mwaka 2017. Hesabu ya miezi miwili ilikuwa inaishia kati ya Septemba.

Sasa soma kwa makini alichokidai, kwa sababu hapa ndipo historia yote niliyokusimulia inapokutana na kalamu. Mahakama ya Arusha si baraza la kazi la Sudan Kusini. Kama angeandika tu kwamba amefukuzwa kazi isivyo haki na anataka mshahara wake, angekuwa amebisha hodi nyumba isiyo yake. Na kama angegundua kosa hilo mwezi Desemba, pasingekuwa na mamlaka ya kumwongezea muda, wala desturi ya kumruhusu kuhamisha dai zima kwenye ardhi nyingine. Yeye aliandika kwamba kuondolewa kwake kulivunja Katiba, inayotaka jaji aondolewe kwa sababu maalumu na kwa pendekezo la Tume ya Kitaifa ya Utumishi wa Mahakama, na kwamba kwa kuvunja Katiba nchi ilivunja ahadi yake ya utawala wa sheria iliyomo katika Ibara ya 6 na ya 7 za mkataba wa Jumuiya. Mwezi Julai 2020 mahakama ilikubaliana naye. Tukio lilikuwa moja, amri moja ya siku moja, ambayo mfanyakazi wa kawaida angeiita “nimefukuzwa”. Aliipa jina ambalo mahakama aliyoiendea ingeweza kulisikia, na alilipa jina hilo tangu mwanzo.

Huenda utaniambia kwamba jaji anajua sheria, na dereva hajui. Kweli kabisa, na ndiyo maana hukumu nyingi za kazi zinamwonea huruma asiye na wakili. Waamuzi wengi hutazama maelezo kuliko vichwa vya habari: mtu akiwa amesimulia tukio lote, hata kwa lugha ya kuungaunga, jina sahihi linaweza kubandikwa baadaye. Asiposimulia, hakuna cha kubandikia. Kwa hiyo katika darasa hili nimeanza kufundisha barua ya malalamiko kinyume cha nilivyofundishwa chuoni. Tuliambiwa tuandike kwa ufupi na tubaki kwenye hoja moja. Siku hizi nawaambia wanafunzi waandike kwanza kila lililotokea: nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani, kilitolewa nini na hakikutolewa nini. Hoja zitapangwa baadaye. Uzuri wa Kiswahili pia utapangwa baadaye, na hiyo ni kazi yangu.

Yule dereva alikuwa na bahati moja ambayo hakuijua. Barua yake ilikuwa bado haijatoka darasani. Haikuwa na mhuri wala nambari. Ilikuwa na kalamu yangu nyekundu tu juu ya ngeli. Nilimwambia aiache, achukue karatasi safi, kisha kesho yake aende nayo ofisi ya kazi, asingoje wiki ijayo. Alikaa kwenye benchi la nyuma hadi jenereta ya jirani ilipozimwa. Aliandika mshahara, saa za ziada, mkutano wa madereva chini ya mwembe, na maneno aliyoambiwa na msimamizi asubuhi iliyofuata. Juu kabisa, kabla hata ya jina lake, aliandika tarehe aliyoachishwa kazi, akaipigia mstari mara mbili.